Dakika Kumi za Xavérine

Sokoni Mahoko kila mtu ana haraka, na nyingi ya haraka hizo hazina kichwa wala miguu. Spika ya muuza dawa ya panya inapayuka tangu asubuhi, wenye pikipiki wanapiga honi ovyo, na juu ya hayo yote kuna wateja. Xavérine, fundi wa kushona, alikuwa amewavumilia miaka tisa. Jambo moja tu hakukubali liguswe. Kabla ya kukata kitambaa chochote, alikaa dakika kumi, mikono juu ya kitambaa, kinywa kimefungwa. Zamani aliwahi kukata gauni la watu huku akijibu simu, bibi harusi akaenda kanisani bega moja limevutwa juu. Siku ile Xavérine alilia, kisha akaapa.

Alhamisi moja akaja Igihozo, aliyekuwa anaolewa wiki ijayo, pamoja na shangazi yake Cansilde. Walileta kitambaa cha rangi ya maziwa, ambacho marehemu mama yake Igihozo alikinunua Goma. Kikiharibika, hakuna kingine. Xavérine akachukua vipimo, akakitandaza mezani, akaketi, akanyamaza.

Cansilde alivumilia dakika mbili, na hizo zenyewe kwa taabu.

"We Xavérine, unaombea kitambaa ya mutoto wetu ao unailoga?"

"Natuliza mukono, tantine. Siwezi kukata na mukono yenye iko mbio."

"Bon! Fundi Jado iko pale ngambo, yeye anakataka na dakika mbili."

"Basi mumupelekee."

Maneno yalipotoka, akajuta. Gauni lile alilitaka kweli. Mikono ya gauni alikwisha kuiona kichwani, mirefu, yenye vifungo vidogo. Tena alijua kabla ya jioni soko zima litacheka kwamba amefukuza mteja kwa kukaa tu. Angesema "pole, tantine" na kushika mkasi, mambo yangekwisha. Badala yake alikunja kitambaa pembe kwa pembe, akamkabidhi Cansilde kwa mikono miwili.

Walipoondoka, akaketi tena palepale.

"Sasa unaikalia nini?" akapiga kelele jirani yake Nyiraneza, muuza maharage. "Kitambaa imeshaenda!"

Xavérine aliweka viganja juu ya mbao tupu. Alikuwa na hasira, lakini dakika kumi zilikuwa zake, si za mteja wala za kitambaa. Akaziacha honi zipige. Akamwacha mtu wa panya apayuke. Hakuna aliyepunguza sauti kwa ajili yake, naye hakumwomba mtu. Polepole pumzi ikarudi mahali pake.

Ndipo Igihozo akaingia mbiombio, kitambaa amekikumbatia kifuani, shangazi nyuma yake akihema.

"Jado alishainua mukasi, huku anabishana mambo ya mupira!" Igihozo alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimemunyanganya. Mama Xavérine, kata we. Tafazali, kata sasa hivi."

Cansilde akafungua kinywa. Xavérine hakuinua mikono mezani, wala hakugeuza shingo.

"Mukae," akasema. "Sijamaliza."