Dawa Yenye Akili

Kufikia sindano ya tatu ya kemo, dawa ya saratani, nywele za msusi yule zilikuwa zimebaki zote kwenye mto wa kulalia. Wateja wake walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Yeye akajibu kuwa safari hii amenyolewa bila kuombwa ruhusa.

Mdogo wake wa kiume, mtafiti wa chuo kikuu aliyeitwa Bingwa tangu utotoni, alikuja kumjulia hali akiwa na kompyuta mkononi.

"Dada, hizo unazochomwa ni dawa za kishamba. Zinapiga popote. Yangu ina akili. Tunaifunga kwenye vifuko vidogo mno, vinapita kwenye damu kimya kimya. Vikifika kwenye uvimbe vinakuta uchachu wa saratani, ndipo vinafunguka na kumwaga dawa."

"Basi nipe."

Bingwa akakohoa. "Bado tuko kwenye panya."

"Wanaendeleaje?"

"Vizuri sana."

"Wasalimie."

Chuo kilipoandaa maonyesho, Bingwa alimbembeleza dada yake akae mstari wa mbele, tena bila kilemba. Akaenda, kwa kuwa damu nzito kuliko maji. Jukwaani Bingwa alitangaza kwamba ugonjwa wa dada ndio uliomsukuma kufanya utafiti ule, ingawa aliuanza miaka mingi kabla dada hajaugua hata mafua. Mwandishi wa habari akauliza mgonjwa anaionaje dawa hiyo. Bingwa akawahi kipaza sauti.

"Anaendelea vizuri, kama mnavyomwona."

Ukumbi ukapiga makofi. Neno la uongo halikuwamo, na la kweli pia halikuwamo.

Kesho yake gazeti liliandika kwamba msusi amepona kwa dawa ya nduguye. Bingwa akapandishwa cheo. Dada alipompigia simu, Bingwa alicheka, akasema waandishi ndivyo walivyo, ila si lazima kuwasahihisha kwa sasa.

Wiki haikuisha, mwanamume mmoja akaingia saluni na mkewe. Mke alikuwa ameacha sindano zake hospitalini. Alikuwa anasubiri hiyo dawa yenye akili.

Msusi alimwacha mteja na kichwa nusu, akawapeleka wageni hadi maabara ya chuo.

"Waambie ulichoniambia mimi," akamwambia nduguye.

"Matokeo ya awali yanaashiria..."

"Sema kama unavyosema nyumbani."

Bingwa akatazama viatu vyake. "Haijawahi kupewa mtu."

"Hata mmoja?" mume akauliza.

"Hata mmoja."

"Na hivyo vifuko vinafika kwenye uvimbe kweli?" mke akauliza.

"Vichache. Vingi vinaishia kwenye ini."

Mke akamgeukia mumewe. "Kumbe na vyenyewe vinapotea njia."

Msusi akanyoosha mkono. Bingwa akadhani anaagwa, kumbe dada anataka funguo za gari lake awapeleke wageni hospitalini. Hakumpa, aliona afadhali aendeshe mwenyewe.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la mbao saa nyingi, hadi alasiri. Bingwa, aliyesoma saratani miaka yote hiyo, alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi lile. Muuguzi alimkaripia mke kwa kukatiza matibabu, akampangia kuanza tena kesho yake, kisha akamgeukia Bingwa aliyevaa suti.

"Na wewe ni nani kwao?"

Msusi akamwachia nduguye nafasi ya kutaja vyeo vyake vyote.

"Dereva," akasema Bingwa.