Bunduki ya Valarie

Elphas Makhanu alikuwa mtu wa sauti ndogo, na nyumba yake ilikuwa kimya kama yeye, isipokuwa miaka ile binti yake alipokuwa humo. Valarie alikuwa na mazoea ya kupiga mbinja akiosha vyombo. Baba alimkemea kwamba msichana hapigi mbinja. Naye angenyamaza kidogo, kisha angeanza tena kwa chini, kama birika linalokaribia kuchemka. Sasa vyombo vilioshwa kimya. Makhanu akikaa sebuleni na redio yake, mara kwa mara alijikuta ameipunguza sauti bila kujua anategea sikio nini.

Waliishi Nakuru, nyuma ya landhies za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo baba yake Makhanu alifikia zamani alipotoka Lugulu kutafuta kazi ya karakana. Mzee huyo alikuja na dini yake pia: kanisa la Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka. Hao ni watu wanaoweza kukaa ibadani bila neno, wakimngoja Mungu aseme kwanza, na ni watu wasioshika silaha. Makhanu alilelewa hivyo, akawa mzee wa kanisa, naye akawafundisha wengine: kwamba Bwana Yesu, siku ile ya kukamatwa bustanini, alimwambia Petro arudishe upanga wake, na tangu hapo hajamwambia mtu mwingine auchomoe.

Kwa hiyo jioni ile Valarie aliporudi mbio kutoka uwanjani, jasho likimtiririka, akapaza sauti kwamba amechaguliwa kwenda kusomea upolisi, mama yake Mercyline alipiga kigelegele nusu, kikamfia mdomoni. Alikuwa amemwangalia mumewe.

"Hapana," Makhanu alisema.

"Papa, nimetafuta kazi mpaka viatu vikaisha."

"Utatafuta nyingine. Mkono wa mtoto wangu hautabeba kitu cha kuua watu."

"Si ya kuua watu. Ni ya kulinda watu." Valarie alikuwa bado amesimama mlangoni. "Na Paulo je? Si ndiye aliandika kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu, na ule upanga wake hakupewa bure?"

"Paulo aliandika tutii. Hakuandika tukaombe kazi ya upanga."

Hapo Valarie akasema jambo ambalo baba yake hakulitarajia. "Mwaka ule wa vita vya uchaguzi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Tulilala kanisani na blanketi moja. Wale vijana wa mapanga walikuwa wanakuja, na lori ya jeshi ikasimama kwa geti. Wewe ulipiga magoti, Papa. Ulimshukuru Mungu kwa sauti. Ulimshukuru kwa bunduki za watoto wa watu."

Makhanu alikasirika, na hasira ya mtu wa sauti ndogo huwa mbaya. "Ukivaa hiyo nguo," alisema, "usiniletee hapa."

Hakuwa amemaanisha daima. Alimaanisha siku hiyo, pengine na wiki hiyo. Lakini Valarie alikuwa binti yake kwelikweli: neno lilisemwa, naye akalichukua kama lilivyo. Alikwenda chuo cha polisi cha Kiganjo, akahitimu baba asiwepo, akapelekwa huku na huku, na nyumbani hakukanyaga tena. Alizungumza na mama yake kwa simu. Mercyline alikuwa akitoka na simu hiyo mpaka nyuma ya nyumba, kwenye sukuma wiki, na Makhanu alikuwa akisogea polepole mpaka karibu na dirisha la jikoni, asimame pale kama mtu anayetafuta kiberiti. Maneno hayakusikika. Kilichosikika ni sauti tu, nyembamba, ya mbali, ikipanda na kushuka. Ilimtosha, na haikumtosha.

"Siku hizi yuko Longonot," Mercyline alimwambia mara moja bila kuulizwa.

Makhanu aliitikia "Mmh." Lakini tangu siku hiyo, mawingu yakijikusanya upande wa Naivasha, alisimama uani akiyatazama, akijiuliza kama huko kunanyesha, na kama wamewapa makoti.

Miaka ilipita namna hiyo. Alikuwa na kiburi cha kutosha kutopiga simu, ila hakuwa na kiburi cha kutosha kulala usingizi mzuri. Ibadani, kimya kikishuka, wenzake walimngoja Mungu. Yeye alimngoja msichana aingie kwa kuchelewa, kama kawaida yake, akiburuta viatu.

Sasa kanisa lao lilikuwa na kiwanja, na mtu mmoja mwenye pesa alikuwa amekitamani. Alidai ni chake. Wazee wakaenda mahakamani, mahakama ikasema kiwanja ni cha kanisa, wakashukuru, wakarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. Asubuhi moja, kabla ya saa nne, vijana wa kukodiwa wakaja na nyundo na rungu, wakaanza kuangusha ukuta.

Kanisani walikuwa wazee wawili tu, Makhanu na Khisa. Khisa alikuwa amemzidi umri, na ndiye aliyemfundisha Makhanu, akiwa kijana, maana ya amani. Alitoka nje akiwa ameinua mikono mitupu.

"Vijana wangu," alisema, "hapa ni nyumba ya ibada. Wekeni hizo vitu chini tuongee."

"Mzee, toka njiani," mmoja alimwambia.

"Sitoki."

Rungu lilimpata mkononi, na la pili likampata begani. Khisa alianguka kwenye kokoto, bado akisema, "Tuongee, tuongee," kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo.

Makhanu alijua alichopaswa kufanya. Alikuwa amekifundisha: uende ulale juu ya mwenzako, upigwe wewe. Lakini miguu yake haikwenda kwa Khisa. Ilitoka kwa mlango wa nyuma, ikavuka barabara, ikakimbia kama haijawahi kukimbia tangu ujana mpaka kituo cha polisi, na huko akaegemea kaunta akihema.

"Wanaua mtu," alisema. "Kujeni na bunduki."

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Hakuna aliyemtajia bunduki; yeye mwenyewe ndiye aliyezitaka.

Walikuja maafisa watatu, mbele yao msichana mrefu ambaye kibao cha jina kifuani mwake kiliandikwa Cheruto. Hakupiga risasi. Alisimama kati ya Khisa na wale vijana, bunduki imeelekezwa chini, akawaambia kwa sauti ya kawaida waweke nyundo chini walale kifudifudi. Wawili walilala. Wengine waliruka ule ukuta waliokuwa wakiubomoa wakatokomea. Jambo lote lilikwisha kabla kokoto hazijakauka damu.

Wakingoja gari la hospitali, Cheruto alipiga goti akamfunikia Khisa miguu kwa koti lake. Makhanu alikuwa akimtazama. Alikuwa wa rika la Valarie, na kama Valarie alikuwa akiuma mdomo wa chini akifikiri.

"Baba yako anajua uko kazi hii?" alimuuliza.

Msichana alicheka kidogo. "Anajua sana, mzee. Ananipigia simu kila jioni. Saa zingine hata hana cha kusema. Anauliza tu kama nimekula."

Makhanu aligeuza uso upande wa ukuta.

Alipomtembelea Khisa wodini, mkono wa mzee ulikuwa umefungwa plasta, na macho yake yalikuwa makali kama zamani.

"Ni wewe uliwaita?"

"Ni mimi."

"Mimi ningekufa bila kuwaita," Khisa alisema. Kisha akatazama dari. "Lakini nashukuru hukuniuliza."

Makhanu alivuta kiti. "Mzee, hii imani yetu inasema nini juu ya serikali? Niambie kama ulivyokuwa ukiniambia zamani."

"Hatujawahi kusema serikali isiwepo. Wana wa Israeli walipokosa mfalme kila mtu alifanya alilotaka, na tumesoma yaliyowapata. Wakapewa mfalme, na tumesoma pia yaliyowapata." Alijigeuza kwa maumivu. "Sisi tulisema tu kwamba mikono yetu haitashika upanga. Sasa kama upanga ni lazima ushikwe, utashikwa na mikono ya nani? Hapo ndipo nimekuwa nikilala na kuamka. Sina jibu, Elphas. Na usidhani nikizeeka zaidi nitalipata."

Siku chache baadaye Makhanu alivaa koti lake la Jumapili na kofia siku ambayo haikuwa Jumapili. Mercyline alimwona, asimuulize anakwenda wapi. Aliingia jikoni, akatoka na kuku aliyefungwa kwa karatasi na kitambaa, akamtia mkononi. "Anapenda paja," alisema.

Longonot ilikuwa vumbi na upepo, na mlima wa jina hilo ukiwa umekaa nyuma ya maduka kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Makhanu aliuliza njia, akafika kambi ya polisi, akamwambia kijana aliyekuwa getini kwamba anamtafuta Valarie Makhanu.

"Wewe ni nani yake, mzee?"

Lilikuwa swali dogo. Ilimchukua muda kulijibu. "Mimi ni baba yake."

Valarie alitokea upande wa mahema, amevaa sare, bunduki begani. Alikuwa amenenepa kidogo, na alitembea kama mtu aliyezoea kutazamwa. Alipomwona alisimama. Hakukimbia. Alivua bunduki begani, akamkabidhi mwenzake, akajipangusa viganja kwenye suruali, ndipo akaja na kumpa mkono kwa kuinama kidogo, kama alivyofunzwa.

"Papa. Mama ni mgonjwa?"

"Mama ni mzima. Amekutumia kuku."

Walikaa kwenye hoteli ya mabati karibu na barabara, chai mbele yao. Juu ya jicho la kushoto la Valarie palikuwa na kovu ambalo baba hakulijua. Alilitazama mpaka Valarie akaligusa.

"Jiwe," alisema. "Watu walikuwa wanapigania maji, wafugaji na wakulima. Tulisimama katikati, tukapigwa na pande zote mbili."

"Ulipiga risasi?"

"Hapana. Niliinua bunduki, Papa. Kulikuwa na kijana mbele yangu ana jiwe lingine. Nikaishusha. Mpaka leo sijui kama ni wewe ulinishika mkono ama ni woga."

Makhanu alizungusha kikombe. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, sasa yakamtoroka, ikabidi ayaokote moja moja. Alimweleza habari za Khisa, na namna alivyokimbia, na alilolisema pale kaunta. "Sijabadilika, Valarie. Bado naona Bwana wetu hakuupenda upanga, hata ule wa haki. Lakini siku ile nilimwita binti ya mtu mwingine ashike kile nilichokukataza, na nikafurahi kumwona. Siwezi kumtuma mtoto wa mwenzangu pale nilipokataa wangu asiende, halafu nikajiita mwenye amani." Alisukuma kikombe kando. "Hata kwa kuhitimu kwako sikuja."

Waliketi kimya, na kilikuwa kimya kile cha kanisani, kisichomsukuma mtu. Malori yalipita. Mwenye hoteli alikuja kuchukua vikombe, akawaangalia, akaviacha.

"Mimi pia sijabadilika," hatimaye Valarie alisema. "Hii kazi ni lazima ifanywe na mtu. Ila kuna siku naogopa hicho kitu. Naogopa siku nitakizoea."

"Siku hiyo ikifika, uje nyumbani."

"Na kabla ya hiyo siku?"

"Njoo pia. Na nguo zako hizo."

Valarie aliangalia kando, akauma mdomo wa chini. Simu ya upepo kiunoni mwake ikakoroma, sauti ya mwanamume ikaita watu wa zamu. Valarie alisimama, akachukua kifurushi cha kuku, akakinusa kama mtoto. "Siwezi kukuahidi lini, Papa. Ruhusa ni ngumu, na..." Hakumaliza. Makhanu alielewa: ruhusa ilikuwa nusu tu ya ule ugumu. Miaka haifutwi kwa kikombe cha chai.

"Nimekusikia," alisema.

Aliweka kiganja juu ya kofia ya binti yake, akasali kwa maneno machache, si kwa ajili ya serikali wala kwa ajili ya amani, ila kwa ajili ya msichana huyu tu, jina lake lijulikane mbinguni. Kisha Valarie akaenda.

Makhanu angeweza kuondoka wakati huo huo. Badala yake aliagiza chai nyingine asiyoitaka, akakaa akitazama barabara. Alidhani akimwona atapoa moyo, lakini sivyo. Alikuwa amekuja akimkumbuka msichana wa mbinja na viatu vya kuburuta. Sasa moyo wake ulimlilia mwanamke mwenye kovu, ambaye miaka yake mingi ilipita bila yeye, na kila mwaka kati ya hiyo aliutaka.

Baadaye Land Rover ya polisi ilitoka kambini ikielekea upande wa Olkaria, maafisa wamekaa nyuma wakitazamana, bunduki kati ya magoti. Valarie alikuwa wa mwisho, karibu na mlango. Alikuwa akiongea na mwenzake, hakutazama hotelini. Baba yake alisimama hata hivyo, akavua kofia, akabaki amesimama mpaka vumbi likatulia barabarani.