Makala Namba Ishirini na Tatu

Mapema Januari, siku mhariri mpya alipokabidhiwa jarida la saikolojia ya siasa, alipewa vitu vitatu: muhuri wenye mpini uliopasuka, nywila iliyoandikwa nyuma ya bahasha, na pole. Hiyo pole ilitoka kwa mhariri aliyemtangulia, tena kwa uso uliochangamka kama wa mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

"Mwaka mmoja tu, dada," alimwambia. "Ukiisha, na wewe unatafuta wa kumtupia."

Mwaka mmoja. Akaona si kitu. Mimba miezi tisa, na alishabeba tatu.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Msomi anachunguza kinachopita vichwani mwa watu kwenye mambo ya siasa: kwa nini wanashangilia, kwa nini wanaogopa, kwa nini leo wanampigia kura mtu waliyekuwa wakimtukana jana. Anaandika makala, analeta kwa mhariri. Mhariri anafuta jina la mwandishi, anaipa makala namba, halafu anaituma kwa wasomi wawili wasioambiwa ni ya nani. Hao ndio wahakiki. Wote wakikubali, inachapwa. Wote wakikataa, inarudi ilikotoka. Wakigawanyika, mhariri anakata shauri. Nani mwenye namba ipi, hilo linakaa kwenye daftari moja la jalada la bluu ambalo mhariri alikuwa akilala nalo chini ya mto, mpaka mumewe akauliza kama ahamie sebuleni awaachie nafasi.

Taabu ilikuwa wahakiki. Sikia, kuna watu hodari wa kukwepa madeni, kuna wanaokwepa misiba, lakini hakuna anayekwepa kama profesa aliyeombwa kusoma kazi ya mwenzake bure. Mmoja mgongo unamuuma. Wa pili anasahihisha mitihani, Aprili anasahihisha, Juni anasahihisha, utadhani anafundisha taifa zima. Wa tatu alikubali mbiombio, akaandika kurasa kumi na moja za kulalamika kwamba vitabu vyake mwenyewe havikutajwa kwenye marejeleo. Ofisini wakambatiza jina, Mbona Sijatajwa. Wa nne alikuwa amefariki tangu Februari, lakini barua pepe yake iliendelea kujibu kwamba yuko safarini, atashughulikia akirudi. Mhariri alimwandikia mara tatu kabla ya kuambiwa. Mara ya tatu alimkaripia kidogo. Alipopata habari alikaa kwenye kiti cha ofisini akicheka, kisha akaona kumbe analia.

Kufika Septemba alikuwa haoni tena majina. Anaona namba, kama muuguzi anayejua wagonjwa kwa vitanda. Kumi na saba haina mhakiki. Tisa imerudi, jedwali lake halisomeki. Mwenye thelathini na moja kampigia simu mama mkwe wa mhariri, eti amsalimie, na salamu zenyewe zikafika na swali la lini inatoka.

Na katika yote hayo kulikuwa na kitu kimoja kilichomweka roho juu. Chuo kikuu kilikuwa na sheria: jarida lisilotoa makala sita zilizohakikiwa kila mwaka, ifikapo tarehe kumi na tano Desemba, linaondolewa kwenye orodha. Na jarida likitoka kwenye orodha, mhadhiri akichapa humo haimsaidii kupanda cheo, na kama haimsaidii kupanda cheo, haleti. Linakufa. Jarida hili lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Lilianzishwa na mwalimu wake, yule aliyemfundisha hata namna ya kushika hoja, ambaye mpaka leo wasomi wa fani hiyo wakisema "Mwalimu" tu, bila jina, wanaelewana. Halingekufa mikononi mwake yeye. Alishajiapia.

Mwisho wa Novemba alikuwa na makala tano tayari. Ya sita, ishirini na tatu, ilikuwa na mhakiki mmoja aliyeandika mstari mmoja: "Kazi ya kiwango cha juu, ichapwe kama ilivyo." Wa pili alikuwa hajapatikana kwa miezi mitano. Watu tisa walikataa. Basi mhariri, kichwa kimechoka, akaituma kwa Mwalimu mwenyewe, kwa sababu Mwalimu alishamwambia: ikikosekana mtu kabisa, nitumie mimi.

Baada ya siku sita jibu likaja. Kurasa nne.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sebule imejaa kama kawaida ya nyumba ile. Wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kwa wiki mbili miaka miwili iliyopita, alikuwa amekaa kochini anakunja nguo na kutoa habari za mtaa mzima.

"Kimekupata nini, wifi? Umetoa macho hivyo."

"Uhakiki umekuja. Sikiliza huyu mzee anavyochinja." Akamsomea, maana majina hayamo, hakuna siri iliyovuja. "'Mwandishi anataka kuthibitisha kwamba watu hupima hotuba kwa kuangalia nani kaitoa, si kwa yaliyosemwa. Amewapa watu mia mbili hotuba ileile, akibadilisha jina la msemaji tu. Lakini hao mia mbili ni wanafunzi wa chuo kimoja, na inaelekea ni wanafunzi wake mwenyewe, wanaojua fika mwalimu wao anataka kusikia nini. Huo si utafiti, hiyo ni heshima.'"

"Weee!" Wifi akapiga makofi. "Kamvua nguo hadharani. Ni nani huyo maskini?"

"Hata sikumbuki. Ngoja."

Akafungua daftari la bluu. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Kidole kikasimama. Akafunga daftari, akafungua tena, kama vile jina lingeona aibu likaondoka.

Ishirini na tatu ilikuwa ya Mwalimu.

Alimtumia Mwalimu makala ya Mwalimu. Na Mwalimu kaikataa.

"Wifi, mbona hivyo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu." Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka hata kutunza siri, akasema lile asilopaswa kusema.

Wifi aliweka shati chini polepole. "Basi hakuiandika yeye. Mtu ataacha kumjua mtoto wake? Kaandikiwa na mwanafunzi, akabandika jina. Mzee mwenyewe, heshima zote zile!"

"Usimseme Mwalimu hivyo."

"Mimi simsemi. Kurasa nne ndizo zinazomsema. Nisikilize, wifi yangu. Kujihakiki si hakuruhusiwi? Basi hizo kurasa zifute, zichome. Una ndiyo moja, weka na yako, ziwe mbili. Jarida linapona, mzee hajui, wewe unalala. Lini mara ya mwisho ulilala?"

Hakuweza kukumbuka. Akavaa viatu.

Mke wa Mwalimu ndiye aliyefungua mlango, akamshika mashavu. "Mwanangu, umekwisha! Ni lile jarida? Lilimmaliza huyu wangu, sasa limekuhamia wewe. Pita, yuko nyuma na magazeti yake. Halafu ile makala yake itatoka lini? Tangu astaafu hajaandika nyingine. Kila siku naulizwa na mashoga zangu, nami nimeshawatangazia."

Mhariri akapita.

Mwalimu alikuwa ameketi baraza ya nyuma, miwani puani na mingine kichwani. Akaitikia shikamoo, akamwonyesha kiti.

"Umefungua daftari," alisema.

"Mwalimu, ulijua?"

"Ukurasa wa kwanza sikujua. Naapa. Nilisoma nikasema, nani huyu anayejisikia hivi? Nikachukua kalamu. Ukurasa wa tatu nikakuta mfano wa fundi cherehani na mgombea, nikajua, maana fundi cherehani huyo ni shemeji yangu." Akacheka bila sauti. "Ningeacha hapo. Lakini nilikuwa nimeshaona, nitafanyaje? Mia mbili wote wanafunzi wangu. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilisimama mbele ya darasa nikawagawia karatasi kwa mkono huu. Miaka thelathini nawakatalia watu kosa hilohilo."

"Yule mhakiki mwingine amesema ichapwe kama ilivyo."

"Huyo amenijua. Mimi kila mtu ananijua kwa sentensi tatu. Hakusoma makala, kamsoma mwandishi." Akaongeza, "Angalau hapo hoja yangu imethibitika."

Wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kikaisha haraka.

"Mwalimu, bila makala hii ninazo tano. Zimebaki siku kumi na mbili. Ungeniambia siku ileile uliyojua ningetafuta nyingine. Ungeiondoa mwenyewe, ungeniandikia mstari mmoja tu."

"Nilijaribu. Nikaandika barua ya kuiondoa, nikaifuta. Jarida nimelilea mimi, sitaki life. Na sitaki liponywe na kitu kama kile. Nimekaa na mambo hayo mawili siku nne, nimeshindwa. Ndiyo maana nikakutumia uhakiki, nikasema mhariri ataamua."

Hapo uchovu wote wa mwaka mzima ukampanda mhariri shingoni. Kila mtu alikuwa amemtupia kitu mwaka ule. Hakutarajia na huyu.

"Yaani umenitupia mimi."

"Nimekutupia wewe, mwanangu." Hakumtazama. "Nisamehe."

Mke wa Mwalimu akaja na chai. Mhariri alikunywa kikombe kizima bila kuonja, akaweka chini, akasema, "Nitakuandikia Jumatatu, kwa taratibu."

Jumatatu, ofisini, alianza kuandika barua ya kukubali. Aliiandika yote, na ilikuwa barua nzuri. Aliisoma mara mbili na kila aliposoma aliona darasa lile, wanafunzi mia mbili wanapokea karatasi kwa mikono miwili, na yeye mwenyewe miaka ile angekuwa mmojawapo, safu ya mbele, akijaza lile analotaka Mwalimu. Akaifuta. Akaandika nyingine: "Mwandishi mpendwa, tunasikitika kukuarifu kwamba makala yako namba ishirini na tatu haitachapwa. Sababu ni sampuli. Maelezo umekwishayasoma." Akaituma kabla mkono haujabadili nia.

Kupata ya sita kwa siku kumi hakukuwezekana, ingawa alijaribu, hata Mbona Sijatajwa alipigiwa simu. Toleo lilitoka na makala tano. Kamati ya chuo ilijibu kwa sentensi mbili, ya pili ikiwa ya kumtakia heri ya mwaka mpya. Ya kwanza ilisema jarida limeondolewa kwenye orodha.

Mwalimu alimpigia siku hiyo. Hawakuzungumza mengi. Alisema, "Nimeipata barua yako, ni sawa," na nyuma yake mkewe akasikika akiuliza ni nani, naye akajibu ni mhariri wangu.

Kwenye kikao cha Januari alipeleka muhuri na ile bahasha, akaviweka mezani, akauliza nani anapokea. Watu tisa wakaangalia simu zao. Jarida lililo kwenye orodha hugombewa na watu kwa kusukumana. Lililotoka, hakuna anayetaka hata jina lake liandikwe nalo. Aliyemkabidhi mwaka jana alikuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ana kikao kingine. Mhariri akasubiri mpaka mlango ukafungwa nyuma ya wa mwisho, kisha akavirudisha kwenye mkoba.

"Mwaka wa pili?" wifi alisema jioni, mikono kiunoni. "Bila orodha, bila waandishi? Sasa utahariri nini, hewa?"

"Imekuja moja."

"Ya nani huyo asiyejipenda?"

"Siwezi kukwambia." Alikuwa ameshaisoma nusu, kwenye meza ya kulia, watoto wakipigania rimoti. Mwandishi alikuwa amezunguka sokoni miezi saba akiuliza wachuuzi kwa nini wanaogopa kusema watampigia nani kura. Hakuna cheo ambacho angepata kwayo, na kwenye barua yake alisema anajua hilo. Jedwali la pili lilikuwa na makosa. Mhariri alilizungushia kalamu, akafuta jina juu ya ukurasa, akaandika namba moja, halafu akakaa kidogo na simu mkononi, akifikiria amwanze mhakiki gani.