Mchanga Aliotakiwa Kuuchagua Ciru

Nimekaanga njugu kwa mchanga miaka thelathini na moja hapa Satellite, na kuziuza sokoni Kangemi. Kwa hivyo mjukuu wangu Ciru alipokuja Jumamosi asubuhi na mifuko mitatu ya mchanga, sikushangaa sana. Nilimwambia aiweke kando ya jiko, avue viatu.

Ciru anafanya kibarua kwenye uwanja wa gofu. Miaka minne anakata nyasi. Huko kuna mashimo makubwa yaliyojazwa mchanga, yamewekwa makusudi, mpira wa mchezaji ukiingia humo ahangaike kidogo. Mwaka jana waliletewa mchanga wenye udongo. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mashimo yakawa magumu kama sakafu. Sasa mkubwa wao, Bwana Jamleck, alikuwa amemwachia Ciru achague mchanga mpya, kati ya hiyo mifuko mitatu, kufikia Jumatatu. Akichagua vizuri, anaandikwa kazi ya kudumu, asimamie mashimo yote. Akikosea, anarudi kwa mashine ya nyasi.

"Shosho, wewe ndio unajua mchanga," aliniambia.

"Najua wa njugu."

"Si mchanga ni mchanga?"

Mimi pia niliona hivyo.

Nikatia kila mchanga kidogo kwenye chupa yake ya maji, nikatikisa, tukanywa chai. Tuliporudi, chupa ya kwanza ilikuwa bado imechafuka, maji rangi ya ile chai. Mchanga huo tukaumwaga kwenye bustani ya sukuma wiki. Zile mbili zingine maji yalikuwa safi.

Nikaingiza mkono kwenye mifuko iliyobaki. Mchanga wa pili ulikuwa laini, chembe za mviringo, unapita katikati ya vidole hata huuhisi. Kwa mchanga kama huo njugu zinatoka kwenye karai bila chembe kuzishika. Wa tatu ulikuwa na kona kona, unakwaruza. Mtu angeniletea huo ningemrudishia.

"Chukua huu wa pili," nikasema.

Ciru akafurahi, akaandika kwa simu. Halafu akaujaza kwenye karai, akatoa mpira mweupe mfukoni, akasimama wima na kuuachilia. Mpira ukazama. Ukabaki utosi tu.

Tukautazama.

"Shosho," akasema polepole, "mzee wa watu akipata mpira wake hivi, atanitafuta mimi na ile fimbo yake ya gofu."

"Kwani hautakiwi kuzama?"

"Unatakiwa ukae juu, apate pa kuupiga."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimechagulia njugu. Njugu tunataka zizame, zifunikwe, zipate moto pande zote. Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Ciru hakucheka, alikuwa anafikiria Jumatatu.

"Futa hiyo uliandika," nikamwambia. "Lete ule mbaya."

Mpira ukaanguka, ukakaa juu. Nikamwambia arudie, maana mara moja si kitu. Mara tano ulikaa. Kisha tukaupanga mchanga uinuke kama ukingo wa shimo, nikaumwagia maji kwa jagi. Maji yakapenya yakapotea, ukingo ukabaki. Tulipojaribu hivyo na ule laini, uliteremka wote.

"Na huu ungeutupa," Ciru akasema.

"Ningeutupa na matusi juu."

Sasa ndio akacheka.

Jumatatu alinipigia saa nne. Akasema Bwana Jamleck ameangusha mpira mwenyewe, akamwaga maji mwenyewe, akakanyaga na kiatu. Halafu akauliza wataagiza lori ngapi.

"Alimuuliza nani?"

"Mimi, Shosho. Nikamwambia saba. Barua ya kazi naitia sahihi mchana."

Nilitaka kumwambia kitu kizuri, lakini alikuwa tayari amegeukia watu wake.

"Mungai, huo udongo wa zamani toa wote. Usiache hata chini. Ndio, wote."

"Sawa, bosi," nikasikia mwanamume akijibu, na watu wakicheka.

Akanisahau kwenye simu. Sikukata. Niliiweka kwenye kiti, nikaendelea kuchambua njugu, nikimsikiliza akiwapanga.