Herufi Mbili za Cheti cha Kuzaliwa

…maana muhuri nimeshauchovya kwenye wino na mkono uko juu, kilichobaki ni kuushusha tu, mara elfu ngapi nimeushusha kwenye vyeti vya watu nisiowajua, vya ndoa, vya talaka, vya vifo, bila kupepesa jicho, na leo mkono umegoma, "Mamdogo, ofisi ya viza wanafunga saa tisa," anasema huyu binti niliyemlea, amekaa kwenye kiti cha wateja kama mteja, miguu haitulii, nimekusikia, namwambia, nahakiki neno moja tu, na kamusi hii hapa wazi mbele yangu, mgongo wake umeshikwa na selotepu, na neno lenyewe ninalojifanya kulihakiki ni of ya Kiingereza, aibu gani hii, miaka ishirini na mbili natafsiri vyeti halafu nafungua kamusi kutafuta of, neno ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analijua, lakini nilihitaji kisingizio, Jumatatu nilisingizia tarehe, jana nikasingizia herufi kubwa nikachapa upya cheti kizima, na leo ndiyo mwisho, karatasi isipofika leo nafasi yake ya chuo huko ng'ambo anapewa mwingine na yeye anabaki hapa, kwangu, Mungu anisamehe, hilo la kubaki limenipitia kichwani zaidi ya mara moja… na kinachonikaba ni mstari huu wa cheti chake cha kuzaliwa nilioupiga kwa vidole vyangu mwenyewe, daughter of, binti wa, kisha jina la marehemu dada yangu, na ndivyo ilivyo, dada ndiye aliyemzaa, mimi nilimpokea ana miezi minane, ana homa, ananuka maziwa yaliyochacha, nikamweka mgongoni na ni kama hakushuka mpaka alipojua kutembea, alipoanza kusema bibi yake akamfundisha kwamba mama yako ni yule wa kwenye picha, huyu ni mama mdogo, basi nikawa Mamdogo, miaka kumi na minane Mamdogo, nilalamike nini, hakuna aliyedanganya, ila kila fomu ya shule ilipouliza mimi ni nani wake kalamu yangu ilisita kwanza…

"Mtafsiri, huo mkono umekufa ganzi?" anauliza mwenzangu wa meza ya pili, yule wa Kifaransa, mdomo wake haujui likizo, nacheka kidogo ili aniache, na jicho linarudi kwenye kamusi, kwenye yale maandishi madogo ya chini ambayo huwa siyasomi, yanayoeleza asili ya neno, na hapo ndipo ninapopigwa butwaa, kwamba zamani, zaidi ya miaka elfu, of halikuwa na habari ya nani ni wa nani, lilikuwa neno la kutoka, la kuondoka mahali na kwenda zako, neno moja na off, hili la kuzima taa na kuvua viatu, kama mapacha waliokuja kutenganishwa ukubwani, na hii maana ya kuwa wa mtu ilikuja polepole, na waliochangia kuileta ni watafsiri, jamani, watu wa kazi yangu, wameinama mezani, wino vidoleni, wana maneno ya Kilatini mbele yao na la kwao halitoshi, wakalichukua hili la kuondoka wakalibebesha, baadaye Kifaransa nacho kikasukuma, mpaka siku moja neno la kuondoka likawa ndilo la kuwa wa mtu, na hakuna aliyeliona likigeuka, na mimi nalitumia kila siku kama sufuria ya bibi, sijui limelisha watu wangapi kabla yangu…

na ni kweli, nilikuwepo dada alipojifungua, saa nane mchana, mkunga alipokata kitovu ndipo huyu akawa binti wa dada, kabla ya hapo walikuwa kitu kimoja, nani angekuwa wa nani, ilibidi amtoke kwanza, na kwangu hakuwahi kutoka, aliletwa, kila siku alikuwa wa kuletwa, mpaka leo, leo ndiyo anatoka kwangu, mtu hawezi kutoka kwa mtu asiyekuwa wake, kumbe wiki nzima nimekuwa nazuia kwa mkono wangu kitu nilichokililia miaka yote, mjinga mimi… "Mamdogo, kuna kosa?" sauti imeshuka, ana woga, na muhuri bado uko hewani, mwenzangu bado ananitazama, hakuna kosa, mwanangu, namwambia, na hilo mwanangu nimelisema maisha yangu yote, ila leo ndiyo mara ya kwanza nimelisema bila kumwomba dada ruhusa.