Dhambi za Mji Ulioteketea

"Mwoga mkubwa!" nilisema, na Bibi Mahfoudha akaacha kuchambua tende.

Ilikuwa Alhamisi mchana, mwaka 2006, nyumbani kwetu Ibra, ng'ambo, familia ilikokimbilia kutoka Unguja. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Nizwa, kichwa kimejaa wanahistoria wa Kiajemi wa zama za kale niliokuwa nikiandika tasnifu juu yao. Nikamsimulia habari za huyo mwoga, mmoja wao. Wamongoli waliteketeza miji ya nchi yake, naye akaja kuwatumikia wajukuu wa wauaji, akaandika kwamba ile ilikuwa adhabu ya Mungu kwa dhambi za waliouawa. Ukimsoma, kila ufalme ulianguka kwa sababu: huyu alidhulumu yatima, yule alimfukuza maskini mlangoni. Mimi, msomi wa juzi, nikamcheka.

"Kwani yeye alifiwa na nani?" Bibi akauliza.

Sikujua. Sikuwahi hata kujiuliza.

Babu Marhoun, mumewe, alichukuliwa Unguja wakati wa mapinduzi ya mwaka sitini na nne, hakurudi. Hayo tuliyajua wote, na hatukuyataja. Siku ile Bibi aliyataja.

"Siku moja kabla hawajamchukua babu yako, alikuja mwanamke, mtoto wake ana homa, mvua inanyesha. Akaomba ajikinge ukumbini. N'kamwambia apite uani, atan'chafulia busati. Akaenda zake na mvua yake. Kesho yake wakaja."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya samaki. Miaka yote ile akifunga Jumatatu na Alhamisi, sisi tukidhani ni uchamungu tu.

"Bibi, waliokuja hawakumjua hata huyo mama. Walikuwa na hasira zao na siasa zao. Si wewe."

Nilidhani nimemtua mzigo. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Si mimi? Basi Marhoun kafa burebure? Watu walikuwa wanapita njia tu, wakamkuta?"

Majibu ya chuoni nilikuwa nayo yote: ardhi, vyama, wakoloni. Hakuna hata moja lililotosha kuwekwa mbele ya uso ule.

"N'ambie, mwanangu. We ndo uliyesoma."

Nje adhana ya alasiri ikaanza. Akaingoja iishe, na mimi akaningoja.

"Labda ni lile busati, Bibi," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema, akanyanyuka kwenda kutawadha.