Kadi Iliyotiwa Plastiki

Nyirabeza hakuwa mwizi, hilo tuliweke wazi mapema, maana kanisani kwake wapo wanaoisimulia habari hii vibaya. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mtunza wazee huko Highview, kusini mwa mji wa Louisville, Marekani, na kosa lake la kwanza alilifanya kwa mapenzi mema kabisa. La pili ndilo la aibu.

Mzee aliyemtunza aliitwa Wendell. Nguvu za miguu zilikuwa zimemwishia, na macho yalibaki ya kuona vivuli tu. Kila asubuhi, baada ya vidonge vyake, alimwomba Nyirabeza amletee kopo la tumbaku la marehemu baba yake. Ndani yake mlikuwa na kadi moja ndogo ya mchezaji wa besiboli, yenye umri wa zaidi ya miaka mia, ambayo baba aliipata utotoni ndani ya pakiti ya sigara. Mtoto wa Wendell alikuwa akimcheka kwamba ni nakala ya dukani.

Wendell alipenda kufundisha hata asipoombwa. "Nusa, Nira," alimwambia, maana jina la Nyirabeza lilimshinda kutamka. "Ya kweli inanuka kabati la bibi. Nakala inanuka duka." Alimpa lenzi aone jinsi herufi za kale zilivyojaa wino mzito, wakati za nakala, ukizikuza, ni vidoti vitupu. Alimweleza habari ya taa ya zambarau, ambayo chini yake karatasi ya siku hizi hung'aa kama shati jeupe la Jumapili. "Na pembe, Nira. Ya kweli imechoka pembe zote nne, kila moja kivyake."

Oktoba, mpwa wake Nyirabeza alikuwa anaolewa katika mji wa Columbus, na Wendell akasikia kwamba Jumamosi hiyohiyo kuna maonyesho ya kadi mjini humo, na mkaguzi wa kuthibitisha kadi za kweli yupo.

"Nipelekee," alisema. "Nataka karatasi ya kumwonyesha mwanangu kwamba babu yake hakudanganywa."

Sasa, mtu aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka kumi na minne ana imani yake kuhusu karatasi: isiyotiwa plastiki haina maisha. Mvua ilikula vyeti vya watu, na aliyepoteza cheti alianza foleni upya. Cheti cha ndoa cha Nyirabeza, kadi yake ya chakula, picha pekee ya mama yake, vyote alivitia plastiki na vyote vilifika Marekani vizima. Kwa hiyo Ijumaa alipanda basi hadi mtaa wa South End, dukani kwa Cikuru, anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, na ambaye ana ile mashine ya moto ya kufunika karatasi.

"Utie ile ya nguvu," alimwambia. "Ni kitu ya mzee wangu, maji isiiguse."

"Bon, mama. Hii hata ukiiteremusha mu mutungi, itatoka nzima."

Nyirabeza akatoka pale anatabasamu peke yake.

Columbus, mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye lenzi shingoni. Aliigeuza kadi mara mbili, akaiweka mezani polepole.

"Nani amefanya hivi?"

Nyirabeza alidhani anasifiwa. "Mimi," akajibu.

Mama yule hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Alimweleza kwamba gundi imeshayeyuka na kuingia ndani ya karatasi, na plastiki ikibanduliwa itaondoka na picha. Kisha akaandika kwenye fomu, akaigonga muhuri: Ya kweli. Imeharibiwa.

Harusini Nyirabeza hakula. Binamu yake Ezéchias, aliyetoka Buffalo, alimkuta amejificha nyuma ya magari, kilemba kimelowa machozi, naye akamweleza yote.

"Dada, usilie. Kule kwetu Black Rock kuko mutu anauzisha zenye kufanana nayo kabisa. Donc nitakutumia moja. Mzee haone, si ndiyo?"

Hapa ndipo alipopaswa kusema hapana. Hakusema.

Wendell aliambiwa kwamba mkaguzi amebaki na kadi wiki moja. Bahasha ilipofika, Nyirabeza alijifungia chooni kwake na kazi yake ya aibu. Aliiloweka nakala katika chai, akaisugua pembe zote nne sawasawa kwa tupa ya kucha, akailaza siku mbili ndani ya Biblia kuukuu ili ipate harufu. Yote aliyofundishwa ili asidanganywe aliyatumia kudanganya.

Wendell aliipokea kwa vidole vyake vikavu. Akainusa. Akapitisha kidole gumba pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza.

"Wamesemaje?"

"Ya kweli. Karatasi itakuja kwa posta."

"Vizuri," alisema. "Irudishe koponi."

Kesho yake hakuliomba kopo. Nyirabeza alimletea vidonge na maji kama kawaida. Miaka miwili mzee huyu alikuwa akifungua mdomo tu, Nyirabeza anamwekea, naye anameza, bila kuuliza ni nini. Asubuhi hiyo alinyoosha kiganja. Akakipapasa kidonge cha kwanza kwa kidole gumba, ukingo wote. Akakinusa. Ndipo akakimeza, akanyoosha tena kiganja kwa cha pili.

Nyirabeza aliiweka glasi chini. Alikimbilia mkoba wake, akatoa kadi ya kweli na fomu, akavitia mkononi mwa mzee, na maneno yakamtoka yote kwa fujo: Cikuru, mashine, Ezéchias, chai.

Wendell aliipapasa plastiki kwa muda mrefu. Hakuna pembe iliyogusika.

"Kwa nini, Nira?"

"Ndivyo tunavyofanya kwa kitu tusichotaka kukipoteza."

"Hili naliamini," alisema mzee. "Nisomee karatasi."

"Ya kweli," alisoma. "Imeharibiwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaiweka kadi kifuani, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Hakumfukuza. Hakumwambia neno baya, siku ile wala baadaye.

Saa kumi na mbili jioni ilikuwa zamu ya kidonge cha moyo. Nyirabeza alikiweka kwenye kiganja kilichonyooshwa, akasimama na glasi ya maji, akasubiri mzee amalize kukinusa.